Serikali Nayo Imekaa Mezani

 Jioni ya leo tuzungumze pesa za kamari, hasa ule upande wake ambao hautangazwi wakati wa mapumziko ya mechi.

Chukua shilingi 100. Mwendeshaji bodaboda amemfikisha abiria sokoni, amelipwa kwa simu, na kabla hajageuza pikipiki ameshazituma zile 100 kwenye akaunti yake ya kubeti. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2025, shilingi 5 kati ya hizo ni ushuru wa serikali ya Kenya, na zinakatwa papo hapo pesa zinapoingia. Timu bado hajachagua. Refa hajapuliza kipenga. Akibahatika akashinda, siku ya kuzitoa hukatwa asilimia 5 nyingine mlangoni. Kampuni nayo ina kodi yake, inayotozwa kwa kile kinachobaki baada ya washindi kulipwa. Basi mchezaji huenda akapata au akakosa, kampuni huenda ikawa na wiki nono au wiki kavu, lakini yuko mmoja pale mezani ambaye hajawahi kupoteza hata raundi moja.

Simkebehi mtu wa Hazina kwa kusema hivyo. Kodi hukusanywa penye pesa, na pesa ziko huko. Kinachonikera ni mwendo wake. Sheria ya Fedha ya 2023 iliagiza kwamba ushuru wa kubeti uwasilishwe ndani ya saa 24 baada ya hesabu za siku kufungwa, na Mamlaka ya Mapato, KRA, ikaunganisha mitambo yake na ya kampuni ili ione kila kinachoingia. Sasa linganisha. Fundi aliyepaka rangi zahanati ya kaunti anazungushwa miaka kwenye orodha ya madeni yasiyolipwa. Mkulima wa miwa anangoja malipo mpaka mbegu za msimu mwingine zinampita. Pesa za kamari hazilali njiani zaidi ya usiku mmoja. Tukitaka kitu kiende mbio serikalini, kumbe huenda.

Na aliyeumia anakwenda wapi, na kwa mwendo gani?

Mtaani kwetu kuna kinyozi mmoja, jina lake nalihifadhi, ambaye wateja wake wamezoea kusubiri. Hawasubiri zamu. Wanasubiri raundi iishe. Simu yake huegemezwa kwenye kioo, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, na ndani ya simu kuna kile kindege chekundu ambacho vijana wote wanakijua. Kinaruka, na namba inapanda nacho: moja, moja nukta nne, mbili, tatu. Ukibonyeza kabla hakijatoweka, dau lako linazidishwa kwa namba iliyofikiwa. Ukichelewa nukta moja, kimekwenda nalo. Mkono wa kulia una mashine ya kunyolea, wa kushoto uko karibu na kioo, na wewe mteja umekaa na nusu ya kichwa imenyolewa, unasikia pumzi yake ikikatika. Siku moja nilikuta mashine aliyoshika siyo ile ya siku zote. Ile nzuri, aliyoinunua kwa mkopo wa chama, ameiweka rehani kwa jirani. Alinieleza bila haya, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Kilichomtia haya ni swali langu lililofuata, nilipomuuliza kama amewahi kutafuta msaada. Akacheka. Akaniuliza, "Msaada wa nani, mzee? Niende Mathari?"

Mathari ni hospitali ya rufaa ya taifa ya magonjwa ya akili, na ina wataalamu wanaofanya kazi kubwa. Lakini kila Mkenya anajua jinsi jina hilo linavyotumiwa mtaani. Ni tusi. Kumwambia kijana mwenye deni la kubeti aende Mathari ni sawa na kumwambia atangaze kanisani kwamba amerukwa na akili. Kwa pombe na dawa za kulevya kuna mamlaka ya NACADA, yenye sheria yake ya mwaka 2012 na nambari ya simu ya bure, 1192. Imeundwa kwa ajili ya mambo hayo mawili na jina lake lote linasema hivyo. Kinyozi wangu hanywi hata bia. Hajioni popote katika orodha hiyo.

Na bado, kitabibu, yuko kwenye orodha. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikuwa kimetangulia mwaka 2013. Oktoba 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet Public Health lilikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 80 duniani wana kamari iliyowashinda nguvu, wengine kwa kiwango cha ugonjwa kamili. Hapa Kenya, utafiti wa simu uliofanywa na GeoPoll mwaka 2017 miongoni mwa vijana wa nchi kadhaa za Afrika ulitukuta sisi ndio vinara: asilimia 76 ya vijana wetu waliohojiwa walikuwa wameshajaribu kamari. Si wote hao wagonjwa, hata kidogo. Wengi hutupia shilingi 50 wikendi, wakapiga kelele, wakalala. Ila hata wagonjwa wakiwa sehemu ndogo ya umati kama huo, tunazungumza habari ya watu wengi sana.

Mtu akisikia matibabu ya kamari hufikiria dripu na vitanda. Sivyo. Sehemu kubwa ni tiba ya mazungumzo, na kikao cha kwanza huwa cha mambo madogo ya nyumbani. Simu inawekwa mezani. Nani atashika nambari ya siri ya M-Pesa kwa miezi michache ijayo? Ni SMS za kampuni zipi zinazoingia saa mbili usiku, na zinazimwaje? Madeni yote yanaandikwa kwenye karatasi moja, hata lile la shemeji, hata mkopo wa Fuliza, hata mikopo ya programu za simu ambayo mtu ameshaanza kuisahau kwa makusudi. Kisha mshauri anauliza ni saa ngapi hamu inapanda: mwisho wa mwezi? Baada ya ugomvi? Mvua inyeshapo na wateja hakuna? Wiki kwa wiki, mtu anajifunza kuzitambua saa zake na kuamini kidogo kidogo kwamba pesa zilizokwenda hazirudi kwa kuzifuata. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Hakuna mashine ya mamilioni inayohitajika hapo. Anahitajika mtu aliyefunzwa, chumba chenye mlango unaofungwa, na mshahara wa mtu huyo ulipwe kila mwezi bila kutegemea fadhili za mtu.

Maneno hayo, bila kutegemea fadhili za mtu, ndiyo yaliyonileta kwenye kipaza sauti leo.

Tuangalie tulikotoka. Mwaka 2017 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alipendekeza kodi ya asilimia 50 kwa kampuni za kamari, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kuwaokoa vijana. Bunge likakataa, Rais Uhuru Kenyatta akakataa kutia saini mswada bila ongezeko hilo, na mwishowe ikawa asilimia 35 kuanzia Januari 2018. Kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote wakati huo, SportPesa, ilijibu kwa kufuta udhamini wake wa michezo nchini. Mwaka huo huo kodi ikashushwa hadi asilimia 15. Mwaka 2019 ukaja ushuru wa asilimia 20 kwa kila dau, leseni za kampuni 27 zikasitishwa, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini, na SportPesa na Betin zikafunga shughuli. Mwaka 2020 ushuru ule ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukawa 12.5, mwisho wa 2024 ukawa 15, na 2025 ndipo ukashuka hadi hizo 5 za kila amana. Umechoka kusikiliza? Hata mimi nimechoka kusoma. Miaka minane tumevutana juu ya kiwango, na kila kamba ilipovutwa upande wa kupandisha tuliambiwa ni kwa ajili ya kijana anayepotea. Sasa kama kodi ni ya kijana anayepotea, ni haki kuuliza ni kiasi gani kimemfikia akiwa amepotea tayari.

Jibu la serikali lipo, na si jibu la kupuuzwa. Mwaka 2018 iliunda Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaolishwa na kodi za kamari. Timu za taifa zinasafiri kwa pesa hizo, wasanii wanapata chochote, na sehemu nyingine ilitengewa maendeleo ya jamii pamoja na mpango wa afya kwa wote. Majirani zetu Tanzania nao, tangu mwaka wa fedha 2021/22, hupeleka sehemu ya kodi ya kubeti katika Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Ni mpango unaopendeza machoni. Pesa zilizotoka kwenye mpira zinarudi kwenye mpira, na waziri anapata picha na mabingwa. Picha na kinyozi aliyekaa miezi mitatu bila kubeti haimpi mwanasiasa kura yoyote. Lakini tazama jinsi mzunguko ulivyo: mpira unavutia dau, dau linalipa kodi, kodi inanenepesha mpira. Yule aliyetoa dau ndiye peke yake aliyeachwa nje ya mzunguko.

Kuna watakaosema kampuni zenyewe zisaidie. Kila tangazo linamalizika kwa sauti ya haraka ikikuambia ucheze kwa kuwajibika. Basi waliosema hayo watoe na fedha. Njia hiyo imejaribiwa na wenzetu wenye uzoefu mrefu kuliko sisi, na matokeo yake yanajulikana.

Uingereza ilitunga Sheria ya Kamari mwaka 2005. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachoiruhusu serikali kutoza kampuni tozo maalumu kwa ajili ya utafiti, kinga na tiba. Kifungu kilikaa kitabuni karibu miaka 20 bila kutumika, kwa sababu kampuni ziliahidi kuchanga kwa hiari. Leseni ilizitaka zichange, haikusema ngapi. Pesa zikawa zinapitia shirika la hisani la GambleAware, na kwa muda mrefu hata kliniki za serikali za kutibu waraibu zilikuwa zikipokea sehemu yake. Kliniki ya kwanza, ile ya London, ilifunguliwa mwaka 2008 na daktari Henrietta Bowden-Jones. Hebu fikiria hali ya daktari huyo na wenzake: mshahara wa tabibu unatoka kwa yule anayemjaza chumba wagonjwa. Mapema mwaka 2022 huduma ya afya ya taifa ya England ilitangaza kwamba imekataa pesa hizo, itajilipia yenyewe. Na tarehe 6 Aprili 2025 tozo ya lazima ikaanza. Kampuni hulipa kati ya asilimia 0.1 na 1.1 ya mapato yao baada ya washindi kulipwa. Kubeti na kasino za mtandaoni ziko juu kabisa, bahati nasibu ziko chini. Serikali yao inatarajia pauni milioni 90 hadi 100 kwa mwaka. Nusu inakwenda kwenye tiba chini ya huduma ya afya, asilimia 30 kwenye kinga, na 20 kwenye utafiti.

Ukiniuliza mimi, jambo kubwa hapo si kiwango. Ni kwamba waliobadilisha ni watu waliokuwa wameshaipa hiari miaka 20 ya kujithibitisha. Afrika Kusini nayo ina mpango wa taifa wa kamari yenye kuwajibika tangu mwaka 2000, ukiendeshwa kwa michango ya kampuni ya asilimia 0.1. Ni afadhali kuliko hakuna, nambari yao ya msaada inapokelewa na watu wanatibiwa. Ila mchango ni mchango. Nasi tuliona 2018 na 2019 jinsi udhamini wa mpira ulivyotoweka kampuni zilipokasirishwa na kodi. Klabu ikikosa mdhamini hucheza na jezi za zamani. Mgonjwa akikosa mshauri katikati ya tiba harudi wiki inayofuata.

Lakini funzo ninalolipenda zaidi linatoka mbali, New Zealand. Huko tozo ilikuja na Sheria ya Kamari ya 2003, na hesabu yao ina akili kuliko zote nilizowahi kusoma. Kwanza, wizara ya afya inakaa kila baada ya miaka mitatu, inapima mahitaji, inawasikiliza wananchi, na inaandika mpango wa tiba na kinga wenye bei yake. Bei ndiyo inayotangulia. Baada ya hapo ndipo tozo inapopigiwa hesabu ili ilipie mpango huo, tofauti na desturi yetu ya kukusanya kwanza kisha kutafuta cha kufanyia. Pili, na hapa ndipo penye utamu, kila aina ya kamari hulipa kiwango chake: mashine za kwenye baa mbali, kasino mbali, mbio za farasi na michezo mbali, bahati nasibu mbali. Kiwango hutokana na mambo mawili yanayopimwa pamoja, yaani wachezaji wamepoteza kiasi gani katika aina hiyo, na kati ya watu waliokuja kuomba msaada, ni wangapi waliosema aina hiyo ndiyo iliyowaangusha. Mashine za baa zinalipa kiwango cha juu kuliko bahati nasibu kwa sababu zinaleta wagonjwa wengi zaidi.

Ona maana yake. Mtu akiingia kliniki na kusema "ni mashine", neno lake linaingia kwenye kodi ya mwenye mashine.

Hebu tulilete nyumbani. Dau la mechi ya ligi huchukua dakika 90 na za majeruhi, na katikati mtu ana nafasi ya kula, kuoga, kujuta. Kindege kile hupaa na kupotea kwa sekunde chache, na kingine kimeshakaa tayari kuruka. Wanaojua uraibu huitilia maanani sana kasi hiyo. Lakini sheria yetu ya kodi haitofautishi: shilingi iliyowekwa kwa ajili ya mechi ya Jumamosi na shilingi iliyowekwa kwa ajili ya kindege saa nane za usiku hukatwa sawasawa. Kwa hesabu ya New Zealand, mchezo unaoangusha watu wengi ungelipa zaidi, na kampuni ingekuwa na sababu ya kifedha ya kuupunguza makali. Sina hakika kama wenye kampuni wangenipenda kwa pendekezo hili.

Pingamizi la kwanza nalijua, maana hunijia kwa simu kila ninapoligusa jambo hili. "Alijitakia. Kwa nini nimlipie mlevi wa kamari na mimi mtoto wangu anakosa dawa za pumu?" Nalielewa. Lakini kwa utaratibu ninaousema, wewe hulipi. Wanaolipa ni kampuni na ushuru uliokwisha kukatwa kwa wachezaji wenyewe. Tena hasara za kutotibu tunazilipa tayari, kwa majina mengine: pesa za chama zilizopotea mikononi mwa mweka hazina, karo iliyochelewa, duka lililofungwa. Na kuna wale wanaofika mahali pa kutoiona kesho. Hadi majuzi mtu wa namna hiyo akinusurika alikabiliwa na mashtaka; ni tarehe 9 Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mahakama imeondoa polisi mlangoni. Daktari bado hajasimama pale palipokuwa na polisi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sina jibu la mkato. Ukiifunga tiba kwenye mapato ya kamari, unaifanya kliniki itamani kamari iendelee. Kamari ikipungua, pesa za kliniki zinapungua. Zaidi ya hapo, kampuni itasimama mbele ya kamera na kusema, sisi tunagharimia matibabu, sisi ni watu wema, kisha mlango unaofuata inapeleka SMS ya dau la bure kwa mtu aliyetoka kikaoni. Hatari hiyo ni ya kweli. Inapunguzwa kwa mambo mawili: kampuni isiguse pesa hizo wala kukaa katika bodi inayozigawa, na mpango wa tiba upangiwe bei na wizara ya afya kabla, kama wafanyavyo New Zealand, ili mapato yakishuka kiwango kipande badala ya kliniki kufungwa. Haiishi kabisa. Naikubali, kwa sababu hali tuliyo nayo sasa ina ubaya ule ule bila faida yoyote: serikali inatamani kamari iendelee, na kliniki hakuna.

Wakati wa kuyapanga haya ni huu. Mwezi Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Ile ya zamani ilitungwa kabla kamari haijaingia kwenye simu. Sasa kuna mamlaka mpya ya kusimamia sekta. Miezi michache kabla yake, mwisho wa Aprili, matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na masharti yaliyofuata yakawaondoa watu mashuhuri kwenye matangazo hayo. Ni hatua nzuri. Lakini kumnyamazisha mpiga debe hakumtibu aliyekwisha kupanda gari. Na hayo yote ni masharti, wakati mimi nasaka mstari katika kitabu cha bajeti, wenye jina lake na tarakimu yake.

Mstari huo ungelipia nini? Nianze na kilicho rahisi. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba wa kupimia sukari na shinikizo la damu. Kuna kipimo cha kamari chenye maswali mawili tu, kilichotungwa na watafiti wa Marekani katika miaka ya 1990. Je, umewahi kuona haja ya kuongeza dau zaidi na zaidi? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Akijibu ndiyo kwa mojawapo, kuna la kuzungumza. Maswali hayo hayahitaji betri wala vijiti vya kupimia. Lakini huwezi kumtuma mama wa watu akaulize ilhali hana pa kumpeleka aliyejibu ndiyo, kwa hiyo kinachofuata ni mafunzo ya maafisa wa kliniki na washauri nasaha katika vituo vya afya vya kawaida, pale pale watu wanapochanja watoto, ili anayeonekana kwenye foleni aweze kuwa amekuja kwa jambo lolote. Nambari ya bure ya simu nayo, ipokelewe usiku, maana saa za deni ni za usiku.

Halafu kufuli. Uingereza ina mpango uitwao GAMSTOP: mtu anajiandikisha mara moja na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni zinalazimika kumfungia. Tangu mwisho wa Machi 2020 hakuna kampuni ya mtandaoni inayoruhusiwa kubaki nje yake. Sisi tungekuwa na urahisi zaidi, kwani kamari yetu nyingi hupita kwenye simu, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho. Mtambo ule ule unaoihesabia KRA kila amana unaweza kufundishwa kukataa amana ya mtu aliyeomba akataliwe. Kazi ya kiufundi ipo, lakini sehemu yake ngumu imeshafanywa, na ilifanywa kwa sababu ilikuwa ya kodi.

Mtu wa kaunti asidhani haya ni ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti afya, kuanzia zahanati hadi hospitali zake, na mistari michache chini linazipa pia usimamizi wa kubeti na kasino katika eneo lao. Gavana mmoja, ofisi mbili katika jengo moja: moja inatoa leseni ya duka la kubeti, nyingine inaajiri muuguzi. Mikutano ya bajeti ya kaunti hufanyika, mara nyingi na viti vitupu, na swali la ni shilingi ngapi za leseni hizo zinavuka korido halihitaji wakili kuliuliza.

Jambo moja zaidi, ambalo wapangaji wengi hulisahau. New Zealand, katika kuhesabu waliohudumiwa, huwahesabu pia walioumizwa na kamari ya mtu mwingine. Kliniki za namna hii zikifunguliwa huku kwetu, naamini watakaobisha hodi kwanza hawatakuwa akina kinyozi. Watakuwa wake zao, mama zao, na yule katibu wa chama aliyetia saini dhamana ya mkopo. Mwanamke atakuja na bahasha ya risiti, atakaa, ataeleza kwamba mume wake si mtu mbaya. Hatauliza habari za uraibu. Atauliza kama deni la Fuliza la mumewe laweza kukatwa kwenye laini yake yeye, kama ni sawa akilipa karo moja kwa moja shuleni bila kumwambia, na kama anayempigia simu za vitisho saa kumi na moja alfajiri ana haki hiyo kisheria. Mshauri anayelipwa kwa pesa za umma awe na majibu ya maswali hayo siku hiyo hiyo, na mwanamke huyo aandikwe kwenye daftari kama mgonjwa mwingine yeyote, apewe siku ya kurudi.